Hatua Ishirini na Nne

Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu wote wawili. Na goti je? Mama ameniambia kwamba ngazi za nyumba yenu mpya zinakutesa, na kwamba sasa unapanda kwa kushika ukuta. Unapopanda, tanguliza mguu mzima. Unaposhuka, tanguliza ule unaouma, kwa sababu mguu unaobaki juu ndio unaobeba uzito. Unaona? Hata salamu sijamaliza, nimeshaanza kufundisha. Nivumilie.

Mimi sijambo, isipokuwa macho. Mama hajambo pia. Anakula vizuri, anagombana na redio, na anasikia kile anachotaka kusikia. Chumba chake tumekipaka rangi upya, naye amelalamika kwamba rangi ni ya hospitali, kisha akakataa isibadilishwe.

Nakuandikia kwa sababu Jumanne iliyopita alikuja katibu wa klabu. Ni kijana mstaarabu, anavaa tai hata kwenye joto. Alisema kamati imeamua ukumbi mpya wa mazoezi uitwe kwa jina langu, na kwamba sherehe itakuwa Jumamosi ya wiki ijayo. Akaomba pia madaftari yangu yote kumi na moja, wayaweke mlangoni ndani ya kabati la kioo, ili vijana waone jinsi mtu alivyocheza gofu kwa sayansi. Nikamwambia aje kuyachukua Ijumaa, siku moja kabla ya sherehe. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafungua na kuyafunga.

Najua mambo nitakayoyasema unayajua kuliko mtu yeyote. Hata hivyo niruhusu niyapange kwa utaratibu, maana nikianzia mwishoni nitakimbia.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia kwa miaka tisa kabla sijaacha chaki nikacheze gofu ya kulipwa. Kila mtu aliniona nimepungukiwa akili. Unakumbuka ndoo ya maji ya chumvi bafuni kwa mama? Nilikuwa namweleza kila aliyepita kwamba mpira wa gofu hauna uzito sawa pande zote. Ukiuweka uelee kwenye maji mazito ya chumvi, upande mzito hugeuka chini, nawe unatia alama upande wa juu ili ujue namna ya kuuweka kabla ya kuupiga. Mama alisema yeye hajui upande mzito wala mwepesi, anachojua ni kwamba chumvi ya jikoni imekwisha mara ya tatu mwezi huo. Halafu nikampelekea fundi wa klabu fimbo zangu zote azikate ziwe na urefu mmoja, ili mwili wangu ujifunze mkao mmoja tu. Fundi alizitazama, akaniuliza kama natengeneza fimbo au miguu ya meza. Wachezaji wenzangu wakaniita Profesa, na hawakuwa wakinisifu.

Kisha nikakuomba wewe uwe kedi wangu. Uliacha kazi yako kwenye duka la vitambaa, ukaja kunibebea mfuko. Wengine walitaka kedi mwenye misuli. Mimi nilitaka kedi mwenye hatua.

Miezi mitatu ulitembea kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba ya zamani, nimebandika vipande vya utepe sakafuni, kila kimoja sentimita sabini na tano kutoka mwenzake. Kwanza ulitembea ukitazama chini, kisha ukitazama mbele, kisha ukiwa na mfuko begani, kisha ukiwa umechoka. Siku niliyokupima kwenye uwanja wa mpira wa shule, ulihesabu hatua mia mbili, na kamba yangu ikaonyesha mita mia moja na hamsini kasoro kiganja cha mkono. Ndiyo siku nilipokupa jina la Mita. Kedi mmoja alikutania kwamba unatembea kama mtu anayepima kiwanja anachotaka kununua, nawe ukamjibu kwamba yeye anatembea kama mtu anayetoka kwenye kiwanja alichoiba. Tangu siku hiyo walikuachia njia.

Kazi yetu ilikuwa rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Wewe ulipima umbali kwa miguu, mimi niliugeuza kuwa mita, nikaongeza au kupunguza kwa ajili ya upepo, nikasoma kwenye daftari fimbo ipi inafaa. Ukinipa hesabu sikuwahi kukuuliza mara mbili. Daftari hukuliona hata siku moja, kwa kuwa sikumruhusu mtu kuliona. Niliona fahari kwamba siendi kwa hisia. Wengine walilamba kidole wakakiinua hewani, mimi niliandika. Misimu saba, vikombe sita. Hakuna aliyeendelea kucheka.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Lilikuwa shimo la mwisho la mashindano makubwa kuliko yote niliyowahi kucheza, nami nilikuwa naongoza kwa mkwaju mmoja. Mbele ya shimo lile kulikuwa na bwawa. Ulitembea kandokando yake mpaka usawa wa shimo, ukarudi, ukaniambia hatua mia moja tisini na sita. Nikageuza: mita mia moja arobaini na saba. Ukaongeza neno moja, kwamba upepo umegeuka, unatupiga usoni. Nikakujibu kwamba nimeshaandika. Nilipochomoa fimbo ukaniuliza kwa sauti ndogo kama haikuwa fupi, nami nikakuambia kwamba daftari halibahatishi. Nikapiga. Mpira ulikwenda sawasawa kwenye mstari wake, mzuri kabisa, ukaangukia majini. Upungufu ulikuwa mita kumi na nane.

Yaliyofuata uliyasikia kwa masikio yako, ukiwa umesimama nyuma yangu na mfuko. Waandishi wa habari waliuliza imekuwaje Profesa akakosea kwa umbali kama ule. Nikasema hesabu zangu zilikuwa sahihi kwa umbali niliopewa, ila nilipewa umbali pungufu. Mmoja akauliza pungufu kiasi gani. Nikasema hatua ishirini na nne.

Hatua ishirini na nne. Laiti ningesema tu kwamba ulikosea, watu wangesahau baada ya wiki. Lakini niliwapa namba, na namba ikitoka kwa Profesa haina mpinzani. Kesho yake ilikuwa kwenye gazeti kwa herufi kubwa. Wiki ya pili ilikuwa jina lako. Muuza magazeti wa pale kona alikuuliza kama umehesabu vizuri ngazi za kibarazani, usije ukaanguka. Yule kedi uliyemnyamazisha alipata siku yake. Alikuita Ishirini na Nne mbele ya wenzake wote, na safari hiyo hukumjibu.

Asubuhi baada ya mashindano ulikuwa umerudi uwanjani peke yako na utepe wa fundi ujenzi. Ulikuja kunikuta nakunywa chai, ukasema: mia moja arobaini na saba, kaka, nimerudia mara tatu, labda ni ule upepo. Nikakuambia kwamba yaliyopita yamepita, tusichimbe. Ukaweka ule utepe mezani, ukaondoka. Nikamchukua kedi mwingine. Nilicheza misimu mitatu zaidi, nikashinda mara mbili, na watu wakasema kwamba tangu Profesa amtoe dada yake mambo yamemnyookea. Nilisikia. Sikumkatiza hata mmoja.

Sasa nisikilize. Daftari la nane, ukurasa wa sitini na mbili, kwa mkono wangu mwenyewe: umbali mia moja arobaini na saba, upepo wa usoni, mita tisa. Upepo ukikupiga usoni unarudisha mpira, kwa hiyo unaongeza. Nilipaswa kuongeza tisa nikapata mia moja hamsini na sita. Mimi niliandika alama ya kutoa, nikapata mia moja thelathini na nane. Wiki nzima ya mazoezi upepo wa shimo lile ulikuwa mgongoni, wiki nzima nilikuwa nimetoa, na siku upepo ulipogeuka mkono wangu haukugeuka. Kati ya kuongeza tisa na kutoa tisa kuna kumi na nane. Ndizo mita zilizokosekana. Mimi niliyewasimamisha watoto wa watu ubaoni kwa kusahau alama, niliisahau.

Hatua zako zilikuwa sahihi, mdogo wangu. Zote mia moja tisini na sita.

Ningependa uamini kwamba jambo hili nimeligundua Jumanne, baada ya katibu kuondoka. Nilipoanza barua hii nilikuwa na nia ya kukuachia uamini hivyo. Sivyo. Niliiona alama ile siku hiyohiyo, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nimekaa kwenye benchi na kiatu kimoja mguuni, waandishi wakiningoja nje. Nilifungua daftari kutafuta kosa lako, nikalikuta langu. Kisha nikavaa kiatu cha pili nikatoka. Zile hatua ishirini na nne nilizipata nikiwa natembea kuelekea mlangoni: niligawanya mita kumi na nane kwa urefu wa hatua yako, ule niliokufundisha mwenyewe. Uongo wangu niliupigia hesabu, na hesabu hiyo ndiyo pekee niliyoipata sawasawa siku ile.

Bado kuna jambo moja, na hili hulijui.

Unamkumbuka Mrefu, yule bingwa wa ng'ambo aliyekutaka umbebee mfuko? Alikuwa ameshakuambia ujiandae kwa safari za msimu mzima, nawe ulishanunua viatu. Kisha akanyamaza. Ulidhani amesoma magazeti. Hakuyajali magazeti, alijua waandishi wanaandika lolote. Alinipigia simu mimi. Aliniambia kwamba amekutazama ukitembea kwa misimu miwili na haamini kwamba mtu kama wewe anaweza kukosea hatua ishirini na nne. Akaniuliza, kama mtu na mtu, ni kweli alikosea? Nilikuwa nimesimama kwenye korido, daftari liko kwenye droo ya meza ya simu, chini ya mkono wangu. Nikamwambia: ndiyo, alikosea, na si mara ya kwanza. Akanishukuru kwa ukweli wangu.

Hapakuwa na mwandishi wala kamera pale. Ningeweza kukurudishia kila kitu kwa neno moja. Niliogopa kwamba akikuchukua, utahesabu vizuri mbele ya dunia nzima, nao watu wataanza kujiuliza.

Ulirudi kwenye duka la vitambaa, na huko uko mpaka leo. Mama ameniambia wateja wanakupenda kwa sababu hukati pungufu hata unyoya. Aliniambia kama sifa. Nilitoka nje nikasimama kidogo.

Jana nilimweleza mama. Alikuwa anakunja mashuka. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa anakuambia usihuzunike, kila mtu huteleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kukunja, halafu akauliza kama wewe unajua kwamba mimi nilikuwa najua. Nikasema hapana. Akasema nisikae naye mezani mpaka utakapojua. Ndiyo maana leo nimekula jikoni, nimesimama, na barua hii naiandika juu ya sanduku la mashine ya kushonea.

Nimeshamwambia katibu kwamba daftari la nane liwekwe kwenye kabati likiwa wazi kwenye ukurasa wa sitini na mbili, na kwamba Jumamosi nitausoma ukurasa huo kwa sauti mbele ya wageni na waandishi. Alijaribu kunishawishi kwamba ni mambo ya zamani. Nikamwambia kama hawataki, basi jina langu waliondoe ukutani. Ameahidi kuirudisha hoja kwenye kamati, lakini wakubali wasikubali, gazeti nitaliandikia. Mrefu nimemwandikia pia. Sijui kama anwani yake ni ileile.

Sikuombi unisamehe. Sikuombi hata uje Jumamosi. Kukuomba hivyo kungekuwa kukuita usimame tena nyuma yangu wakati mimi naongea. Ukitaka kuja kwa ajili yako mwenyewe, mlango ni wako kuliko wangu. Ukitaka nisilitaje jina lako, nitumie neno moja tu nami nitasema makosa yangu bila kukutaja. Nyumbani kwako sitakanyaga mpaka uniite, na usiponiita nitajua ni kwa nini.

Msalimie shemeji, na umpe barua hii aisome, kwa maana naye aliwahi kunitetea. Wapwa zangu waambie mama yao hakuwahi kukosea hesabu. Mama anakusalimu sana, na anauliza kama ile dawa ya kupaka gotini imefika. Lichue taratibu, na usibebe marobota ya vitambaa mwenyewe.

Ni mimi kaka yako.

Nyongeza: Mama aliitaka barua hii aisome kabla sijaitia kwenye bahasha. Mistari miwili utakayoiona imefutwa kwa wino mweusi hapo kwenye habari ya simu ya Mrefu, ni yeye aliyeifuta. Humo nilikuwa najitetea.