Kitambaa cha Mama Laurenti

Jumatatu, 5 Novemba 2001

Imegoma tena. Naanzisha nakala ya data saa ya chakula, watu wakitoka. Inakwenda kidogo, kisha inaandika kwa Kiingereza chake: muda wa kuunganisha umekwisha. Yaani kompyuta yangu inaiita ile kubwa yenye data za mbegu, haiitikiwi, inakata tamaa. Mzee Mikidadi, meneja, kasema akirudi Ijumaa anataka kuiona nakala ikimalizika kwa macho yake. La sivyo anamleta fundi wa Dar, na mimi nirudi kuchapa barua. Baada ya kozi yote ile!

Jumanne, 6 Novemba

Nimebadilisha waya. Nimezima, nimewasha. Nimeiongezea muda wa kusubiri. Ikasubiri weee — ndipo ikagoma. Angalau sasa inagoma kwa adabu.

Mama Laurenti, mhasibu wetu, kaniletea maandazi. Eti nisikonde, Jumamosi wageni wasinikute kijiti. Wageni wenyewe ni wao: wanaleta posa ya Laurenti kwetu Mafiga. Nampenda yule kaka mpaka najishangaa.

Jumatano, 7 Novemba

IMEKUBALI! Mpaka mwisho! Ni ule muda niliouongeza. Rahel, wewe mtaalamu. Nimejinunulia soda.

Ofisi imekaa uchi leo, Mama Laurenti kachukua vitambaa vyake vyote alivyofunikia vyombo vya ofisi kwenda kufua.

Alhamisi, 8 Novemba

Vitambaa vimerudi, vina wanga, vimepigwa pasi. Nakala imegoma.

Nikakaa nikaviangalia. Juu ya kabati kuna kikasha kinachounganisha waya za kompyuta zote. Mama Laurenti alikivika mwenyewe, kisipate vumbi: kitambaa cha kufuma, tausi wawili, kwa ndani satini. Nikaingiza mkono. Kikaango! Nikakivua, kikapoa, nakala ikapita bila kelele. Nikakivisha tena kabla hajarudi kutoka kula. Mwoga mkubwa mimi.

Jioni nikamweleza Laurenti. Kacheka mpaka kakaa chini. Halafu akaacha kucheka. Kwao redio imevaa, jagi limevaa. Shemeji yake alikivua kitambaa cha tivii mwaka jana, na mama hajamsemesha mpaka leo. Kasema niamue mwenyewe, yeye atakuwa upande wangu. Ila alisema kwa sauti ndogo.

Ijumaa, 9 Novemba

Saa ya chakula. Kitambaa nilikivua mapema, nikakificha kwenye droo. Mzee Mikidadi kavuta kiti nyuma yangu. Nakala inakwenda vizuri, imefika nusu.

Kaingia Mama Laurenti na mfuko. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu. Akatoa kitambaa kipya — kikubwa, mahameli, maua mekundu, jina langu katikati. Kasema ni changu, kwa sababu kuanzia kesho mimi ni wa kwao, na kile cha zamani aliona kimefifia. Akafunika kikasha NA kompyuta kubwa, vyote pamoja. Mzee kasema pamependeza kweli.

Nimeshukuru. Machozi yamenilenga, sijui ya furaha au ya nini. Najifanya naandika taarifa ya kazi.

Nakala imepunguza mwendo. Feni ya kompyuta kubwa inahema. Mzee anauliza mbona imesimama. Mama Laurenti ananitazama, anatabasamu, anajipepea na bahasha kwa joto.

Kwa joto! Anajipepea!

Naweka kalamu chini. Mahameli hii ni nzito, kuivua kunataka mikono miwili.