Swali Ulilolikatiza

Kaka yangu,

"Mtu akifika umri wa baba, mambo ya kitandani yamekwisha, kumuuliza habari hizo ni kumvua nguo hadharani." Hayo ni maneno yako, yamechapishwa gazetini na chini yake limewekwa jina lako na cheo chako cha mwalimu mkuu. Si kweli, na nitakuonyesha kwa nini si kweli. Lakini sikulelewa kuingia nyumba ya mtu huku nafoka, basi nianze na salamu.

Hujambo, kaka? Wifi naye, miguu imeacha kuvimba? Mapacha bado wanagombania kitanda cha juu? Shangazi yao nawakumbuka. Sisi huku tunaendelea. Mama yupo, anakula kidogo, ananyamaza sana. Habari za baba sikuulizi, na ukifika mwisho wa barua hii utajua kwa nini.

Tulikuita Jaji tangu utotoni kwa sababu kila ugomvi ulikuwa unaukatia hukumu kabla upande wa pili haujamaliza kulia. Hujabadilika. Umeandika kwamba utafiti wetu wa afya ya wazee ni uchafu wa wasomi wasio na kazi, kwamba tunawatuma watu kwenye nyumba za wazee wenye heshima kuwauliza kama bado wanalala na wake zao. Ndiyo, tunawauliza. Tunawauliza pia kama wanasikia maumivu, kama wanatokwa damu, kama wamewahi kupimwa magonjwa ya zinaa, kama kuna aliyewalazimisha. Tunauliza kwa sababu wanaugua, na wanafika hospitali wamechelewa. Tafiti nyingi zilizopita mikononi mwangu huishia pale mwanamke anapoacha kuzaa, kana kwamba siku hiyo mtu hukatwa kiunoni, akabaki kichwa cha kutoa baraka na mikono ya kubebea wajukuu.

Nikiri jambo moja upate pa kufurahia: mwanzo tulishindwa. Wadadisi wetu wa kwanza walikuwa vijana waliotoka chuoni, wana adabu kama zako. Majibu yaliporudi, mtaa mzima wa wazee ulikuwa mtaa wa malaika. Hakuna aliyekuwa na mwenza, hakuna aliyekuwa na hamu, hakuna aliyewahi kuwashwa wala kuumwa. Nikaona hapa kuna namna. Nikafuatana na kijana mmoja hadi kwa mama aliyekuwa akishona sare za shule, cherehani bado ipo karibu na dirisha. Kijana aliuliza habari za presha vizuri tu, akauliza za macho, za meno. Tulipofika kwenye sehemu ile, jasho likamtoka. Akatazama sakafu na kusema kwa haraka, "Bibi, mambo yale hayapo tena, au siyo?" Yule mama akamwambia hayapo, naye akaandika hayapo.

Tulipokuwa tunaaga nilimwuliza mama yule, kwa upole, kama jibu lile lilikuwa la kweli. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema, "Mwanangu, mjukuu huyu hakuniuliza, aliniomba msamaha. Na mimi nikamsamehe." Kisha akamtuma kijana akamletee maji, akaniambia mambo ambayo sitakuandikia, ila mojawapo lilikuwa kidonda alichokuwa akikitibu kwa maji ya chumvi tangu mwaka uliopita, kwa kuwa kila alipoingia kliniki mkwewe aliingia naye.

Heshima yenu ndiyo hiyo, kaka. Ni kidonda na maji ya chumvi.

Tukawarudisha vijana kwenye kuhesabu nyumba, tukachukua wauguzi na wakunga wastaafu, watu wasioona haya kutaja kiungo kwa jina lake. Majibu yakabadilika. Wapo waliosema yamekwisha na hawayakumbuki, nasi tukaandika hivyo, maana hatukwenda kumlazimisha mtu kuwa kijana. Lakini wapo wengi waliosema hayajaisha. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori alimjibu muuguzi wetu kwamba gari ni zee ila injini haijashushwa, shida yake ni moja tu, haruhusiwi kuitoa gereji.

Aliposema hivyo muuguzi alidhani ni mzaha. Dodoso letu lina swali kwa wenye ndoa ambao hawajakutana kwa mwaka mzima: sababu ni nini? Tulikuwa tumeweka majibu tayari, ugonjwa, hamu kuisha, ugomvi, na mwisho "nyingine, eleza." Ile "nyingine" tuliiweka kama mtu anavyoweka stuli ya ziada, huenda mgeni akaja. Ikajaa kuliko zote. Dereva alieleza kwamba mke wake yuko kwa binti yao analea watoto, yeye yuko kwa mwanawe anafungua geti. "Sijaachika," alisema, "wala sijafiwa. Nimegawiwa." Mwanamke mwingine, mke wa fundi bomba, alisema humwona mumewe kama anavyoonwa mgonjwa wa wodini, kwa saa za kutembelea, na watoto wamekaa katikati wakiwauliza kama wameshiba.

Niliyasoma majibu hayo ofisini, mchana kweupe, watu wakipita na chai, na nilisimama nikafunga mlango. Maana na sisi tuligawana, Jaji. Hatukuita hivyo. Tuliita kusaidiana. Uliniambia una chumba cha chini, baba hatapanda ngazi. Mimi nikasema nina watoto wadogo, mama atanifaa. Tulikaa mezani kwako, tukapanga hadi nani abaki na redio, na wao wawili walikuwa wamekaa kwenye kochi la kule pembeni kama abiria wanaosubiri kutajiwa basi lao. Hakuna aliyewauliza. Mimi ninayelipwa kwa kuuliza, sikuuliza.

Sasa tuje nyumbani kwako. Nyumba za utafiti huchaguliwa kwa bahati nasibu, na yako ikaangukiwa. Sikujua mpaka niliposoma barua yako gazetini na kwenda kumwuliza muuguzi aliyepangiwa mtaa huo. Umeandika kwamba "alimvamia" baba. Muuguzi yule ana miaka sitini na tatu na anatembea kwa fimbo. Alinieleza kwamba alipokewa vizuri na wifi, akaomba sehemu yenye mlango, kama tunavyowafundisha, na akaambiwa chumba cha mzee hakina mlango. Nakumbuka uliung'oa baada ya baba kuanguka akiwa amejifungia. Ulifanya hivyo kwa kumpenda, sibishani, ila hukuurudisha. Lipo pazia tu, na nyuma ya pazia ni sebule yako na televisheni yako. Baba mwenyewe alisema haidhuru, wazungumze taratibu.

Wakazungumza. Muuguzi anasema baba alijibu kila swali bila kusita, hata akamtania kwamba yeye ndiye mwanamke wa kwanza kumtaka maelezo tangu ahamie hapo. Wakafika kwenye swali la maumivu na damu. Hapo baba alitazama pazia. Kisha akasogeza kiti, akainama kuelekea kwa muuguzi, akafungua mdomo. Na wewe ukaingia.

Ulimwita muuguzi mwanamke asiye na haya. Ulimwambia atoke na makaratasi yake, asirudi kumdhalilisha mzee wako. Baba alisema, "Mwanangu, ngoja kidogo." Hukumsikia, au ulimsikia. Muuguzi aliokota fimbo yake akatoka. Kwetu mahojiano hayo yameandikwa "yamekatizwa," na swali walilofikia limebaki tupu.

Sasa nakwambia nilichokuwa nakizungukia. Mama amenikataza kukwambia. Nimevunja neno lake, na nitamwambia nimelivunja.

Wiki iliyopita tulikuwa tunakunja nguo, mimi na yeye. Nilikuwa namsomea barua yako ya gazetini, nacheka kwa hasira, naijibu kila mstari. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, bila kuinua macho kwenye shuka, "Mbona unahangaika na wake za watu, na mimi hujaniuliza?" Kaka, mimi nimewajibu wakubwa kwenye mikutano bila kupepesa jicho. Siku ile niliinuka nikasema birika linachemka, na birika lilikuwa halijawekwa jikoni. Akanivuta nguo nikakaa.

Alisema yeye na baba huongea kwa simu kila adhuhuri, wifi akiwa kazini na mimi ofisini. Vocha zake zilipokuwa zinaisha upesi, nilidhani anaongea na mwenzake wa kikundi cha kufuma. Alisema mara ya mwisho walipoonana ni mahafali ya mapacha wako, tulipomlaza baba na wavulana na yeye na wasichana, wakaenda kukaa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, kama vijana wanaojificha. Hapo ndipo baba alipomwambia. Alikuwa anatokwa na damu. Kwanza aliiona kwenye shahawa, akaona aibu, akafua shuka mwenyewe kabla hamjaamka. Baadaye ikaja kwenye mkojo. Kilichomtisha zaidi hakikuwa damu, ni kwamba watu wangesema mzee amepata ugonjwa wa wanawake. Alimwapia mama kwamba hajaguswa na mtu mwingine tangu tulipowatenganisha. Mama alimwambia hata kama angekuwa ameguswa, twende hospitali.

Akamjibu kwamba hospitali amekwenda. Wewe ndiye unayempeleka, kila mwezi, kwa ajili ya presha, na hukosi, nakupa haki yako. Lakini unaingia naye ndani, na daktari akiuliza, wewe ndiye unayejibu. Safari moja daktari aliuliza mambo ya unyumba na njia ya mkojo. Ukacheka, ukasema, "Daktari, huyu ni babu wa watu!" Daktari naye akacheka, akaandika dawa ya presha. Baba alicheka pia. Alimwambia mama alicheka kwa sababu asingeweza kukuaibisha mbele ya mgeni.

Siku muuguzi wetu alipokuja, baba alimpigia mama simu baadaye. Alimwambia, "Leo nilikaribia."

Nimezungumza na daktari bingwa, mwanamke tuliyesoma naye. Alinisikiliza, akasema kwa umri ule damu ya namna ile ni lazima ichunguzwe, na kitu cha kwanza anachokifikiria ni tezi dume. Akasema asingependa kusema zaidi bila kumpima. Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ya chini: mzee analalamika mgongo? Nikamwambia ndiyo, siku hizi hawezi kukaa muda mrefu, na kaka yangu anamsugua dawa kila jioni. Nilimwuliza kama yupo kwenye simu. Akasema yupo. Akasema nimlete haraka.

Nimeufikiria mgongo ule, kaka, na mikono yako juu yake kila jioni. Najua unavyosugua, polepole, unaanzia mabegani. Hakuna mtoto anayemtunza mzazi kuliko wewe, na labda kwa miezi yote hiyo umekuwa ukisugua juu ya kitu kilichokwishafika kwenye mifupa. Sikuandikii hivyo kukupiga. Ningependa kukupiga, ila si kwa hili.

Sasa gazetini unadai tufute sehemu ile ya dodoso kwa heshima ya wazee. Hatufuti. Nitakujibu huko huko gazetini, bila kumtaja baba, na usitegemee nitakupunguzia kwa sababu tulinyonya ziwa moja.

Jumamosi nakuja na mama kwa basi la asubuhi. Wewe na wifi muwe mmemwandaa baba, tutakwenda moja kwa moja hospitali. Chumbani kwa daktari baba ataingia na mke wake. Wewe utakaa na mimi kwenye benchi, nje, na mlango utafungwa. Tukirudi, vyovyote tutakavyorudi, chumba cha baba kiwe na mlango wake kwenye bawaba, na mama hatarudi na mimi. Siku zilizobaki ni zao.

Nisalimie wifi, mwambie nashukuru alimpokea muuguzi wetu vizuri. Wabusu mapacha. Baba usimpe salamu zangu, mwambie tu mama anakuja, ataelewa.

Nawe, leo jioni, kabla hujafungua ile chupa ya dawa, muulize baba anaumwa wapi. Kisha nyamaza mpaka amalize.

Mimi mdogo wako,
mliyeniita Chiriku