Baiskeli ya Christophe Isiyo na Keria

Ediofe, Arua
Jumatano, 9 Julai 2025

Mpendwa Christophe, mtoto wa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua kile kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona. Théodore anaendeleaje na shule? Na Peace, ameanza kutembea au bado anashika viti? Mimi sijambo. Goti la kulia linaniuma mvua ikikaribia, na mwezi huu mvua inakaribia kila siku.

Huku mahindi yamekomaa, majirani wanachoma kila jioni. Shule zinakaribia kufunga, na ingawa nimestaafu muda mrefu, bado wazazi wananiletea watoto wao niwasikilize wakisoma. Sikatai. Nyumba ikiwa na sauti za watoto, siku inakwenda.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Nitaipiga picha barua hii kwa simu na kukutumia, kwa sababu kusema kwa mdomo nimejaribu mara mbili nikashindwa. Unajua kwamba mkeo Estelle amekata tiketi yake na ya watoto, warudi Arua tarehe pili Agosti. Wewe unadhani ni likizo. Mimi najua kwamba hajapanga kurudi huko Ubelgiji, na aliyemfikisha hapo ni mimi.

Mwezi wa tano alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Akaniuliza, "Shangazi, mutu anatoka na baiskeli Jumapili asubuhi, anarudi saa saba, mikono mitupu, anaingia moja kwa moja kuoga. Huyo mutu ametoka wapi?"

Sikumwuliza ni nani. Sikumwuliza ni baiskeli ya namna gani. Nilimjibu papo hapo, "Huyo ana nyumba ya pili."

Nikueleze kwa nini nilijibu hivyo, maana uliondoka huku ukiwa kijana na huenda hukuyatazama haya kwa macho ya mke. Kwetu baiskeli ni mali ya nyumba, kama jiko. Mtu akitoka nayo, lazima kitu kirudi juu yake: muhogo, kuni, dumu la maji, hata fungu moja la mboga. Mwanamke aliye nyumbani akisikia kengele, hutazama keria kwanza, ndipo atazame uso. Kisha aliyerudi hukaa, hupewa maji ya kunywa, na husimulia njia: nani amemwona, daraja gani limeharibika, nani amefiwa. Asipoleta kitu na asiposimulia, maana yake alivyobeba vimeshushwa mlango mwingine.

Na kwetu hilo lilitokea. Marehemu baba yako, Blanchard, alikuwa akipeleka vitenge Koboko kwa baiskeli kila wiki. Mwanzoni alirudi na ufuta na sabuni. Baadaye akaanza kurudi keria tupu, anasema soko limelala. Mama yako aliniuliza swali lilelile aliloniuliza Estelle, na mimi niliyekuwa dada mtu nilimjibu, "Wifi, mvumilie, soko ni gumu." Miaka miwili ikapita kabla ya kujua kwamba kuna mama mwingine Koboko, na kuna Elena. Leo tunampenda Elena, wewe mwenyewe humwita dada bila kusitasita. Lakini mama yako hakunisamehe kwa jibu lile mpaka alipoanza kuugua. Basi Estelle aliponiuliza, niliona nafasi ya kulisahihisha jibu la zamani. Nikakuhukumu kwa safari za baba yako.

Tena uliwahi kututumia picha ya baiskeli yako mpya. Niliitazama nikasema moyoni, hata keria ameing'oa!

Jumapili iliyopita nilikwenda Ombaci kumtazama rafiki yangu aliyeteguka mguu. Kando ya barabara nikakuta vijana sita wamesimama kula ndizi, wamevaa nguo za kubana, na baiskeli zao nyembamba kama yako, hakuna hata moja yenye keria. Nikawauliza wanatoka wapi. Mkubwa wao, anaitwa Soka, akasema, "Koboko, mama. Tunafika, nakunywa soda moja, nageuka."

"Mmepeleka nini?"

"Hapana peleka kitu."

"Na mmeleta nini?"

"Jasho tu, mama!"

Wakacheka wote mpaka mmoja akapaliwa na ndizi. Sikuwaachia. Nikamwuliza Soka, "Na bibi yako wa ndoa nyumbani hapana uliza?"

Mwenzake akadakia, "Huyu? Bibi yake iko anauliza kuliko polisi!"

"Mimi napigia yeye simu kila senta, kila soko ya njiani," Soka akasema, bila haya. "Nikifika Maracha, napiga. Yeye nacheka, nasema, 'Mzee, leo kilima imekushinda?' Nikirudi, naeleza yote. Hata mbwa yenye ilinifukuza."

Nilirudi Ediofe nikiwaza maneno yao. Niliona kwamba mtu mzima anaweza kwenda na kurudi kwa sababu ya kwenda tu, na nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa hivyo. Miaka kumi na tisa nilipanda baiskeli kwenda kufundisha Pajulu. Nyumbani walikuwa watoto, shuleni walikuwa watoto, na ile nusu saa katikati ilikuwa yangu peke yangu. Wewe unafungua na kufunga maboksi ghalani siku sita, watu wanakuamuru kwa lugha ambayo si yako. Mtu kama huyo akitaka saa chache za upepo usoni, sioni kosa. Usiiuze baiskeli. Nisingependa kusikia umeiuza.

Ila mfikirie na Estelle. Huku mume akitoka Jumapili, mke anabaki na ua mzima wa watu: kuna anayeomba chumvi, kuna anayekuja kusukwa, kuna mtoto wa jirani anayelia. Huko mko ghorofa ya nne. Aliniambia, "Jumapili hapa hakuna mutu anabisha. Nasikia lifti tu, inapita." Kisha wewe unaingia, unakwenda kuoga, unalala. Yeye amengoja kusimuliwa njia tangu asubuhi, na pengine wewe hukujua kwamba kuna kitu anangoja. Msimulie, hata kama umeona mashamba na mfereji tu. Na ziwepo Jumapili ambazo ni zamu yake kutoka, wewe ubaki na watoto. Hilo baba yako hakulijua, na mimi sikumfundisha.

Jana nilimpigia. Nilimwambia wazi kwamba nilisema jambo nisilolijua, na kwamba nilikuvisha koti la marehemu.  Akasema, "Shangazi, sasa mimi niamini jibu lako gani, la kwanza au la pili?"

Nilimwambia asiamini hata moja. Mimi niko Arua, sijui unakokwenda. Nilimwomba akuulize wewe, uso kwa uso, Jumapili asubuhi kabla hujavaa viatu. Amekubali kuuliza. Kuhusu tiketi hakuahidi lolote, na sikumsukuma.

Basi Jumapili hii usitoke mapema. Akikuuliza, usimcheke, na usikasirike kwamba amedhani hivyo; hasira hiyo nitumie mimi. Mjibu taratibu, mpaka amalize maswali yake yote.

Elena anakusalimu kutoka Koboko. Majirani wa hapa Ediofe wanauliza habari zako kila wakitoka misani. Wabusu Théodore na Peace kwa niaba yangu. Mungu akae nanyi mezani, wote wanne.

Ni mimi ninayekupenda, na niliyekukosea,

Shangazi yako Kahindo