Akdi ya Swafiya kwa Simu

Siyu,
Jumapili baada ya Adhuhuri.

Kwa Baba yangu Bwanamkuu,

Assalamu alaykum warahmatullah. Nakubusu mkono kutoka mbali, na namwomba Mungu barua hii ikukute mzima, mgongo umepoa na safari zako ni za heri. Sisi huku hatujambo. Shangazi Fahima amepona kikohozi chake. Shule zimefungwa, ndiyo maana niko nyumbani. Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu mimi husahau nusu ya maneno, na haya sitaki kuyasahau.

Najua umeshapata habari za Ijumaa kwa mafungu mafungu. Nitakueleza zote, kwa sababu wewe uliona upande mmoja tu.

Ustadh Mahdi alikuwa amependekeza umpe uwakala, amwoze Swafiya kwa niaba yako. Ukakataa, ukasema binti yako utamwoza kwa kinywa chako mwenyewe hata ukiwa barabarani. Ustadh akakubali, kwa sharti kwamba akdi iwe majlis moja: maneno yako na jibu la bwana arusi Husni yafuatane bila kukatika. Kazi ya simu nikapewa mimi, kwa kuwa nasoma somo la kompyuta.

Niliifanyia majaribio. Utakumbuka Alhamisi nilikupigia video ukiwa unaendesha kati ya Voi na Mtito Andei, Rufus utingo wako akikushikia simu. Nilikuwa nimesoma kwamba simu iliyo safarini hupokezanwa na minara, na kwamba mtandao ukiwa mzuri mnara wa nyuma hauiachi mpaka wa mbele uishike. Mnara hubadilika, mazungumzo yakabaki yaleyale. Na ndivyo ilivyokuwa. Picha yako iliganda, yakatokea maneno kwamba simu inaunganishwa tena, kisha ukarudi ukiwa bado unamgombeza Rufus kwa kuangusha chai. Na mimi huku nilitoka nyumbani penye waifai nikatembea hadi msikitini ukiwa bado kwenye laini. Uliganda, ukarudi. Nikamwambia Ustadh kwamba inawezekana.

Ijumaa baada ya Alasiri msikiti ulijaa. Husni alikuja na jamaa zake wa Mkokoni, kanzu yake imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Ustadh akasoma hotuba, nami nikaisogeza simu karibu na maikrofoni. Mara ya kwanza ulimaliza salamu, simu ikakatika. Mara ya pili ulisema nimekuozesha, ikakatika. Kwa kuwa kipaza sauti kilifika mpaka nyumbani, kina mama walidhani mambo yamekwisha wakapiga vigelegele, ikabidi Shangazi Fahima atoke ukumbini kuwaambia wavimeze, ndia ya simu ingali imefungwa. Msikitini watu wakacheka. Ami yake Husni, Bwana Jeilani, akauliza kama mkwe wao anaendesha lori au anaendesha jini. Husni hakucheka. Alikuwa ameshanyoosha mkono, hajui aurudishe au auache.

Mara ya tatu ulifika mbele zaidi. Ulisema nimekuozesha binti yangu, na jina lake halikufuata.

Ustadh akasema basi, tungoje Ijumaa ijayo. Pilau ilikuwa imeshaiva, ikaliwa, lakini watu walikula kama wako matangani. Bwana Jeilani aliondoka akisema kwa sauti kwamba mtu asiyetaka kuoza anajulikana, na kwamba ikikatika tena watakwenda Lamu kwa kadhi, kwani walii wa bibi arusi akizuia bila sababu, kadhi huoza. Ustadh aliniuliza kilichokata simu ni nini. Nilimjibu kwamba nitachunguza.

Baba, nimechunguza, na naomba radhi kwa nitakalosema. Simu inayopotea kati ya minara huganda kwanza, halafu hujitahidi kurudi. Ya Ijumaa haikuganda hata mara moja. Ilifunga papo hapo, kama inavyofunga mtu anapobonyeza kitufe chekundu. Na kwenye video, nyuma ya dirisha la lori palikuwa na kibanda cha mitungi ya gesi, kilekile, mara zote tatu. Lori lilikuwa limesimama, Baba. Simu iliyosimama haina mnara wa kuhamia. Mara ya mwisho, kabla hujakata, nilikuona unajifuta uso kwa kofia.

Sijamwambia mtu ila Swafiya, kwa sababu aliniuliza, na yeye ndiye mwenye hina mikononi. Hakulia. Aliuliza kwanza kama ulionekana mgonjwa. Nikasema la. Ndipo akasema Husni anampenda na anataka kwenda naye Mkokoni, lakini hataki kuozwa na kadhi ilhali baba yake yu hai. Hahitaji kuelezwa kwa nini ulikata. Anataka ulitaje jina lake.

Tutakupigia Ijumaa baada ya Alasiri. Simamisha lori mahali penye mtandao, mpe Rufus simu aishike, mikono yako iwe huru. Na kama kulia kutakujia, lia kabla hujaanza, simu ikiwa wazi, sisi tutangoja. Nilimuuliza Ustadh, bila kutaja jina la mtu, kama kilio cha walii hukata majlis. Akasema hakikati.

Shangazi Fahima anakusalimu sana, na anasema usiache kujipaka mafuta mgongoni. Swafiya anakubusu mkono. Msalimie Rufus. Mungu akulinde na barabara na usingizi.

Mimi mwanao mtiifu,
Swafwan