Moshi Niliokudanganya Nao

Mwanangu Mapendo,

Tangu uhamie Columbus kusoma hupokei simu zangu, basi nakuandikia. Ukichoka, weka pembeni, utamalizia siku nyingine.

Unakumbuka Jumamosi zetu za kusafisha kanisa, hapa mtaani kwetu West Side? Wewe na ufagio uliokuzidi urefu, mimi na ndoo. Ulipenda kulala chali kwenye benchi uangalie zile mbavu za mawe za dari zinavyopanda na kukutana juu kabisa, ukasema tuko ndani ya tumbo la samaki wa Yona. Kisha ulikimbilia ukuta wenye picha ya Siku ya Hukumu. Padri alituambia waliojenga walitoka Ulaya, wakataka picha kama ya kanisa la kwao, la karne za kati, enzi ambazo wengi hawakujua kusoma na ukuta ndio uliowafundisha. Malaika anapima roho kwenye mizani. Jehanamu ni mdomo wa mnyama, na ndani yake yumo mfalme, na askofu aliye uchi, amebaki na kofia yake tu. Huyo askofu alituchekesha mpaka machozi.

Ulikuwa na miaka tisa ulipoacha kucheka. Ulinyoosha kidole kwa mashetani wanaowasukuma watu motoni, ukaniuliza kwa Kiswahili chetu cha Kongo.

"Mama, juu ya nini bashetani bote beko na rangi yetu?"

"Ni moshi ya mishumaa," nikakujibu. "Ya miaka mingi."

"Bon, tupanguse basi."

Shetani wa chini kabisa ulimfikia, na kitambaa ulikuwa nacho. Nilikushika mkono kwa nguvu, nikakuambia nyamaza, tuko nyumbani mwa Mungu. Ulidhani namwogopa padri. Mapendo, niliogopa kitambaa kingetoka kisafi.

Tulikuwa na mwaka mmoja tu Marekani. Watu wa kanisa lile ndio waliotupa makochi, masufuria, koti lako la kwanza la baridi. Ningeanzia wapi kuwauliza?

Mwezi uliopita kanisa lilileta fundi wa kusafisha picha, mama mmoja wa Kizungu, mpole. Analowesha pamba kwa mate yake mwenyewe, anasugua padogo padogo kama anayempaka mtoto dawa. Mimi nilimshikia ngazi. Kwa malaika, pamba ilitoka imejaa masizi, na uso ukabaki mweupe kabisa. Akashuka kwa mashetani. Masizi yakatoka pia, na chini yake kulikuwa na weusi uliozidi ule wa kwanza, unang'aa, na pua zetu, na nywele zetu. Yule mama alibadilika uso. Akasema ndivyo walivyochora karne zile za kati, na wa hapa wakaiga. Weusi kwao ulikuwa giza na dhambi, na pengine mchoraji wa kwanza hakuwahi kumwona mtu kama mimi. Nikamwambia asante. Nikamletea na chai! Ile chai inanichoma roho mpaka leo.

Padri akaniomba nisimame siku ya kuzindua ukuta uliosafishwa, nitoe shukrani kwa niaba yetu Wakongo. Nilikataa, nikamweleza ulichoniuliza ukiwa mtoto. Alisikitika kweli, akasema lakini picha ni ya zamani sana. Nikamjibu mtoto wangu ni wa leo. Ndiyo, mimi huyu, na Kiingereza changu cha kuokoteza. Shukrani akatoa mwingine, watu wakapiga makofi. Sasa wenzangu wa kwaya wengine hawanisalimii, wanasema nina kiburi.

Nimewaambia watu wengi kwamba Columbus imekuharibu, kwamba chuo kimekufundisha kudharau kanisa na kumnyamazia mama yako. Nilisema uongo. Kunyamaza nilikufundisha mimi. Nisamehe, mwanangu.

Sikuombi urudi kanisani. Mimi mwenyewe sijui Jumapili ijayo nitasali wapi. Kesho nikitoka kazini nitapiga tena. Pokea, hata kama ni kunigombeza. Nigombeze mpaka uchoke, nitasikiliza.

Ni mimi,
mama yako