Nyasi Si Zulia

Kibwezi, 8 Januari 2024

Kaka Mulinge,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini magoti yako yamepata nafuu, na kwamba kustaafu hakukuchoshi kama kulivyokuchosha kufundisha. Huku sisi ni wazima. Naandika barua kwa sababu simu huwa unanikatia nikifika katikati.

Kaveke, kiongozi wa mwethya wetu, kikundi cha wanawake wa kusaidiana shambani, ameniambia kiinua mgongo chako kimetoka na unatafuta trekta na mashine ya kukata nyasi kwa shamba la baba. Kwa hilo asante. Lakini mara yako ya mwisho kushika jembe mama alikuwa hai, kwa hiyo sikiliza. Nunua trekta kuukuu, nzito, ya nguvu ya farasi hamsini, yenye tumbo lililo juu, maana shamba lina vichuguu na visiki vya migunga. Mashine ya kukata ifungwe nyuma, ile ya ngoma mbili zinazozunguka na visu, na uiinue iache shina la kimo cha kiganja. Nyasi hii ukiikata hadi udongoni inakufa. Nilipoanza, miaka saba iliyopita, ekari zote thelathini zilikuwa udongo mwekundu ambao hata mbuzi waliupita. Niliipanda nyasi hii, mbeetua, kwa gunia moja la mbegu kutoka kituo cha utafiti cha Kiboko, na wewe hukuja hata siku moja kuona.

Tena, kwenye matanga ya baba uliahidi mbele ya watu kunikatia nusu ya shamba na kuniandikia hati. Bado nangoja.

Dada yako,
Nzisa


Kitui, 15 Januari 2024

Nzisa,

Barua imefika. Mimi ni mzima, na magoti yangu hayakuhusu.

Nimeongoza shule miaka kumi na tisa. Sitafundishwa trekta na mtu aliyeachia darasa la saba, akaolewa, akarudishwa. Hiyo ya kuukuu unayoitaka ni chuma cha kubebea mawe. Mwanafunzi wangu wa zamani alinipeleka kwenye uwanja wa gofu Nairobi, na huko nikaona mashine ya watu wastaarabu: trekta ndogo ya rangi ya machungwa, kiti cha ngozi, na visu vyake viko chini ya tumbo. Ilikuwa inaacha nyasi imelala kama zulia la sebuleni. Nimenunua kama hiyo, mpya.

Wewe unaona chakula cha ng'ombe. Mimi naona bustani kando ya barabara ya Mombasa, watu wafanyie harusi na makanisa yalete semina. Nitafika tarehe mbili Februari. Wale wanawake wako wa mwethya, na magunia yao ya mbegu, wasiwepo.

Kuhusu hati, anayeomba kwa adabu husikilizwa.

Kaka yako mkubwa,
Mwalimu Mulinge


Kibwezi, 22 Januari 2024

Kaka,

Nakusalimu. Huku jua ni kali lakini nyasi imesimama hadi kiunoni.

Kwenye gofu wanakata nyasi iliyokatwa juzi. Hii ni ya msimu mzima. Na visu vilivyo chini ya tumbo vitakutana na kisiki kabla macho yako hayajakiona, ingawa hilo ni shauri lako na kiti chako cha ngozi.

Naomba mambo mawili tu. Ngoja hadi tarehe kumi na tano, mbegu iive, mwethya waipukute kwa mikono kama tunavyofanya kila mwaka. Na ukikata, acha kiganja. Mahamud, yule mfanyabiashara wa ng'ombe wa Garissa, ameshasema ataleta lori kuchukua nyasi. Nimeomba kwa adabu. Uliniambia anayeomba kwa adabu husikilizwa.

Dada yako,
Nzisa


Kibwezi, 12 Februari 2024

Mwalimu,

Uliondoka bila kuaga, kwa hiyo salamu zikufuate huko huko. Nadhani u mzima, maana ulikuwa unatembea haraka sana kuelekea stendi.

Acha nikuandikie ulichofanya, usije ukakisimulia vingine huko Kitui. Siku tatu ulikaa juu ya kile kitoto cha trekta na kofia yako ya harusi. Nyasi ilikuwa inakisonga, ukawa unarudia mstari mara mbili, na kila ukirudia unashusha visu zaidi kwa sababu hukuridhika na zulia. Kaveke na wanawake kumi na wanne walisimama kwenye ua na magunia matupu wakiangalia mbegu ya mwaka mzima ikipeperuka na vumbi. Hakuna aliyekutukana. Mimi nilitaka wakutukane.

Ulikata ekari kumi na tano, ule upande wote wa barabara, ndipo ukapata kisiki. Fundi Kisilu amelala chini yake asubuhi nzima. Anasema mhimili wa visu umepinda na sanduku la gia limepasuka. Mashine iko pale pale ulipoiacha. Kuku wangu mmoja ameipenda.

Nilikuwa nakuogopa, Mulinge. Tangu utotoni. Nilikuangalia ukishuka na kukipiga kile kisiki teke, nikagundua woga wenyewe umeniisha.

Nzisa


Kitui, 26 Februari 2024

Nzisa,

Kisiki kile kilifichwa makusudi. Mtu anayejua shamba miaka saba hawezi kukosa kujua kisiki kilipo, na ungekuwa na nia njema ungekifunga kitambaa. Mashine haikuwa na kosa. Nyasi itarudi mvua ikinyesha, kwa sababu nyasi ni nyasi, hata darasa la pili wanajua hivyo.

Usiniandikie tena mpaka ujifunze kuandika kwa mkubwa wako.

Mwalimu Mulinge


Kibwezi, 20 Mei 2024

Kaka,

Salamu. Mvua imekuja na imeondoka, na tumshukuru Mungu haikuwa mbaya.

Upande wa mtoni, ambao mashine yako haikuufikia, nyasi imefika kifuani. Upande wako ni mwekundu. Maji yalipita juu yake yakaondoka na udongo, na sasa kuna mifereji inayoingia mguu mzima. Darasa la pili waje waone.

Jumapili mchungaji aliuliza ni nani aliyefanya shamba la marehemu vile. Nilisimama katikati ya kanisa nikamwambia. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa benchi la mbele. Wamesema ulete ile hati ya baba, wagawe wao wenyewe kama hutaki kugawa.

Dada yako,
Nzisa


Kitui, 9 Septemba 2024

Nzisa,

Natumaini mko wazima.

Umenianika kanisani na kwenye ukoo, na umefaulu. Yule mtu wa Juni uliyempa maji ukidhani ni wa stima, alikuwa mpima ardhi wangu. Ndani ya bahasha hii kuna hati yenye jina lako, ekari kumi na tano, kama nilivyoahidi. Wasiseme Mulinge hakutimiza neno.

Nusu yako ni ule upande wa barabara. Upande wa mtoni ni wangu pamoja na nyasi iliyomo, na wanawake wako wasiukanyage. Ulitaka karatasi. Kula karatasi.

Kaka yako,
Mulinge


Kibwezi, 16 Septemba 2024

Mwana wa mama yangu,

Nakusalimu kwa furaha. Magoti yangu ni mazima.

Nimeisoma hati mara nne, kila neno, pamoja na yale ya Kiingereza. Ulidhani nitalia. Kaka, umenipa udongo mwekundu mtupu kana kwamba sijawahi kuuona. Mara ya kwanza nilikuwa na gunia moja na hofu kwamba siku moja utanifukuza. Sasa mbegu iko stoo, magunia kumi na moja, tuliyoipukuta upande wa mtoni wewe ukiwa umenuna. Juzi mwethya tumeanza kuchimba mifereji midogo ya kushika maji, na mvua ya Oktoba itatukuta tumemaliza.

Wewe umebaki na nyasi ya kukatwa kila msimu na huna wa kuikata. Usipoikata miaka miwili itageuka vijiti, ng'ombe hatailamba. Januari ikifika, mwethya hukutana Jumanne kwa Kaveke. Utakaa nje kwenye kigoda ungoje uitwe, kama kila mtu, na utaomba kwa adabu.

Trekta yako njoo uitoe, iko kwenye shamba langu. Kuku ameshatotoa mara ya pili chini ya kile kiti cha ngozi. Vifaranga ni vyangu.

Dada yako,
Nzisa