Nimeng'oa Milamula ya Mpakani kwa Ajili ya Mtihani wa Maua

Mshauri wetu wa ukurasa wa nyuma,

Pokea salaam za mzee wa Bweranyange, na kama una desturi ya kucheka barua za watu kabla ya kuzijibu basi hii icheke upesi umalize, maana nimebakiwa na wiki tatu tu, na jina langu tafadhali usilichape, na hao nitakaowataja nimewabadilisha majina.

Mimi nina miaka sitini na kitu, kitu chenyewe sikijui kwa kuwa aliyenizaa hakuwa na kalenda, shule nilisoma madarasa mawili nikamchosha mwalimu kwa ubishi, nikarudi kuchunga ng'ombe. Mwaka jana nilipeleka ndizi kwenye chuo cha masista, nikachungulia dirishani, nikaona wanawake wanapanga maua ya altare, nikasema kwa sauti, "Hayo maua mmeyapanga kama watu wanaongoja sindano." Sista mwenye darasa, Mzungu mrefu asiyejua utani, akafungua mlango akaniambia, "Ingia, mzee, upange wewe." Mshauri, niliingia kwa kiburi nikatoka mwanafunzi. Nilifupisha mengine, nikayainamisha mengine, nikaacha nafasi katikati ili kila ua lipumue, na sista akaandika jina langu kwenye daftari lake.

Tangu hapo kila Jumanne na Alhamisi nakaa dawati moja na Joviana, binti wa miaka ishirini anayeniita Ta kwa heshima huku ananinyang'anya mkasi, nimejifunza kukata shina kwa mshazari, kuunguza ncha ya shina lenye utomvu, kufunga shada la arusi na taji la msiba, na sijafurahi hivi tangu nilipooa. Nyumbani nimesema nasoma kuandika. Mke wangu Kemilembe anauliza ni wino gani huo unaonukia waridi.

Utauliza kwa nini nafichaficha. Ni kwa sababu ya Melkiory, mzee mwenzangu wa hapa kijijini. Yeye alipojifunza kufuma sweta miaka ile, mimi ndiye niliyempa jina la Mama Sweta, likamganda, hata wajukuu wake sasa wanaulizwa, "Nyinyi ni wa Mama Sweta?" Anangoja zamu yangu kwa hamu kuliko anavyongoja mbingu.

Sasa dhambi yenyewe. Siku ya mtihani sista alitaka chombo kikubwa chenye majani marefu ya kusimama nyuma ya maua, nami nilikuwa nimechelewa, nikapita mpakani kati ya kibanja changu na cha jirani yangu Kahigi, nikaiona milamula, ile miti ya majani kama mapanga ambayo kwetu ndiyo mpaka wenyewe, mtu akiigusa ameugusa udongo wa mwenzake, na siku hiyo ilikuwa imesimama vizuri mno, Mungu anisamehe. Nikang'oa mitatu na mizizi yake, nikafukia mashimo, nikatandaza nyasi juu, nikijiambia nitairudisha jioni.

Darasani Joviana alitoa macho. "Ta, hii umeitoa wapi? Usituletee mkungu chuoni!" Mkungu kwetu ndiye mkuu wa kijiji, mwamuzi wa kesi za mipaka.

"Wewe angalia maua yako," nikamjibu.

Sista, ambaye kwao mpaka ni waya, alikizunguka chombo mara mbili, akanipa alama ya kwanza, akakifungia ofisini. Maua atayabadilisha, milamula anaitunza majini hadi sikukuu ya Kupalizwa, siku ya vyeti, ndipo chombo kiwekwe mbele ya altare na jina langu chini yake.

Kesho yake Kahigi akanijia. "Ndugu yangu, siku hizi milamula inatembea?"

"Labda mchwa," nikasema.

"Mchwa wako hodari. Wamekula mti na mizizi, wakatandaza na nyasi."

Miaka arobaini tumekunywa rubisi kibuyu kimoja mimi na yule mtu, na sasa ananipita njiani kama jiwe. Amekwisha kumwambia mkungu, na Jumatatu baada ya sikukuu wazee watakuja na kamba kuupima mpaka. Nikisema kweli, nitakuwa Bibi Maua hadi kaburini. Nisiposema, nitakuwa mwizi wa udongo na urafiki wa Kahigi umekwenda. Nimefikiria kukiiba kile chombo. Unasemaje?

Mwanafunzi Mzee,
Bweranyange

*

Mwanafunzi Mzee,

Nimecheka, kwa kuwa uliniruhusu. Sasa nyamaza, kama unaweza.

Pole kwa mashaka yako, lakini nusu yake umeyapika mwenyewe. Kupenda maua si kosa. Kosa ni kumwambia rafiki wa miaka arobaini habari za mchwa. Kahigi hakununa kwa ajili ya miti mitatu, amenuna kwa sababu ulimtazama usoni ukamwona mjinga.

Chombo usikiibe. Nenda kwa sista, mweleze milamula ni nini kwetu, umwombe akurudishie. Akikupunguzia alama, zipungue. Halafu uichukue kwa mikono miwili, wewe mwenyewe, usimtume mtu, uende uani kwa Kahigi. Anza kwa kusema habari za maua, ndipo useme habari za mpaka, maana ukianza na mpaka atachukua panga. Akicheka, mwache acheke mpaka ashibe, ni nadra mtu kwenda kushtaki huku anajishika mbavu.

Pa kupanda achague yeye. Mashimo uliyafukia wewe, kwa hiyo huna tena sauti. Akielekeza hatua moja ndani ya kibanja chako, meza mate, uipande hapo. Kisha nendeni wote wawili kwa mkungu mkaifute kesi.

Kemilembe umwambie kabla ya hapo, ingawa naamini anajua zamani. Na Melkiory umwite kwa jina alilobatizwa, mbele ya watu, naye akikuita Bibi Maua uitike vizuri. Ulimvisha lake bila kumpima, vaa na wewe lako. Siku ya vyeti uende, usimame kando ya chombo chako, hata kama majani ya nyuma yatakuwa ya mgomba.

Jambo la mwisho. Jina lako sikulichapa, na ya wenzako uliyabadilisha. Lakini wazee wanaosoma kwa masista huko Bweranyange ni wangapi? Gazeti hili husomwa kwa sauti kilabuni kwenu Jumamosi saa kumi, na Kahigi, kama wanywaji wote, atakuwepo. Ukiwa umelipata asubuhi, hizo ndizo saa zako. Liweke chini. Vaa kanzu uende.